Benchi la Mlangoni

9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na mgongo umetulia baada ya kukaa garini siku nzima. Sisi huku wazima. Wifi yako anakohoa kidogo, ila sauti ya kunigombeza haijaguswa. Udongo wa kaburi la Shangazi umeanza kushuka, wiki ijayo nitakwenda kuujazia. Watu wanasema ulimlilia vizuri. Mimi niliona unalia kama mtu mwenye vilio viwili, lakini hayo ni yako.

Karakana inakwenda. Watu wanajifungia nje ya nyumba zao halafu wananiita kwa hasira, utadhani mimi ndiye niliyesahau funguo ndani.

Sasa jambo lenyewe. Kitabu cha nidhamu cha kanisa kimepotea. Unakikumbuka: kile kikubwa cheusi ambamo wazee wamekuwa wakiandika kila aliyetengwa, kosa lake na mashahidi wake, kwa zaidi ya miaka arobaini. Jumapili iliyopita tulifungua kabati la ofisi, tukakuta pale kilipokuwa pana alama yake tu kwenye vumbi. Tangu habari ienee, washirika wamekuwa wapole ajabu. Watu waliokuwa hawasemeshani sasa wanaamkiana mara mbili mbili. Kila mmoja anajiuliza nani anasoma ukurasa wake.

Kitasa cha kabati hakikuvunjwa. Ni kazi ya Baba ile, haivunjiki kwa bisibisi. Funguo ni mbili. Mmoja ninao mimi, kwa kuwa ndimi mzee wa kanisa mwenye dhamana ya milango. Wa pili anao Mama Vumbi, yule mjane anayefagia kanisa na kulala chumba cha nyuma. Hana ndugu hapa, na hata alikotoka hatukujui vizuri. Mwenyekiti wa baraza amesema tusimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza, ila watu wamekwisha kumhukumu kitambo.

Halafu, dogo tu: lile sanduku la tupa za Baba bado unalo? Nina kazi inayotaka tupa ndogo ya pembe tatu.

Mdogo wako,
Fundi

2 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilifika. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana. Hapa hospitalini mashine moja ya kufulia imekufa, kwa hiyo tunafua mashuka mia tatu kwa mbili zilizobaki, na msimamizi anatuuliza kwa nini tumechelewa. Mpwa wako anakusalimu sana. Amepewa umakamu wa mkuu pale shuleni kwake, sasa ana ofisi yenye mlango, na anauliza kama mjomba atakuja kumwekea kitasa kisichofunguka kwa kijiko.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe husema "ndiyo, Dada, ndiyo" huku unachonga ufunguo wa mtu. Barua utaisoma.

Sanduku la Baba ninalo. Tulipogawana vitu vyake wewe ulichukua jiliwa la kubania chuma na meza ya kazi, mimi nikachukua tupa, na hukulalamika. Sasa niambie. Nilipokuwa hapo nikisubiri chai nilihesabu tupa ukutani kwako: thelathini na moja. Nne ni za pembe tatu. Ya Baba unaitakia nini?

Na huyo Mama Vumbi. Msibani tulikaa jikoni pamoja, tukimenya vitunguu. Alinitolea karatasi ya dawa yake ya kifua nimsomee, kwa kuwa yeye hajui kusoma. Nielezeni basi nyinyi wazee: mtu asiyejua a wala be anaiba kitabu cha maandishi akifanyie nini? Akilalie?

Mmemhoji nani mwingine?

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Kikohozi cha wifi yako kimepona. Mwambie mpwa wangu hongera, kitasa nitamtengenezea mwenyewe, na funguo zake atakabidhiwa mkononi.

Tupa nimepata, usihangaike.

Baraza limeshakaa. Mwenyekiti aliongoza vizuri. Alitufungulia kwa neno kwamba mbele za Mungu hakuna mkubwa wala mdogo, kila mtu atasimama na matendo yake, hapana cha ukoo wala cheo. Kisha tukamwita Mama Vumbi. Alisimama saa nzima kwa sababu viti vilikuwa vya wazee. Kila alipoulizwa alijibu, "Mimi nafuta vumbi juu ya kabati. Ndani sijui kuna nini." Kuhusu kusoma, mzee mmoja alisema mtu anaweza kujifanya hajui. Mwingine akasema labda ametumwa. Nami nikaona yote mawili yanawezekana. Katika kazi hii nimejifunza kwamba anayeniapia mlango ni wake ndiye wa kumwangalia mara mbili.

Tumemnyang'anya ufunguo na kumsimamisha kazi. Amepewa mpaka tarehe 3 Mei. Asipokitoa kitabu, atatengwa na Meza ya Bwana, atakaa benchi la mlangoni miezi sita, na chumba atakiacha. Benchi lenyewe lipo palepale, mguu mmoja mfupi. Kila mwaka naahidi kulitengeneza.

Nilikikagua kitasa kwa tochi. Hakuna mkwaruzo. Kimefunguliwa kwa ufunguo wake halali.

Wifi yako, unamjua kwa maneno, anasema asubuhi ile uliyoondoka alisikia mlango wetu ukifunguliwa mapema, na baadaye kidogo ukafunguliwa tena, kama mtu aliyetoka akarudi. Nimemwambia ni upepo.

Fundi

6 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imechukua siku nyingi, na bahasha ilikuwa na gundi mara mbili. Ama posta wana hamu na mambo yetu, ama wewe uliandika kitu, ukakitoa, ukafunga upya. Ningependa kujua kilikuwa nini.

Huo upepo wa wifi nao sijauelewa. Mlango wa nyumba yako umeuwekea vitasa viwili na komeo, unajivunia mtaa mzima kwamba hata wewe mwenyewe huwezi kuuvunja. Upepo ulipitia wapi?

Umeandika "benchi la mlangoni" kama mtu anayetaja kiti chochote. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikaa pale miezi sita, tumbo likikua kila Jumapili, na kila aliyeingia alinivuka magoti na kutazama dari. Mtoto wa mwinjilisti alikuwa mbele, kwenye kwaya, anaimba sauti ya tatu. Ndiye huyohuyo mnayemwita Mwenyekiti leo. Aliyewafungulia kwa neno la Mungu kutokuwa na upendeleo! Nilicheka mpaka mwenzangu wa zamu akazima pasi aje kuniangalia. Halafu sikucheka tena.

Nilimtaja, lakini neno langu peke yake halikutosha. Baba aliniambia wazee waliuliza kila mahali na hawakupata shahidi aliyemwona mwanaume. Nikamwamini. Nikasema basi, aliyeona hakuulizwa, nimlaumu nani? Nikafungasha, nikaja huku, nikamlea mwanangu kwa mvuke wa mashuka ya watu.

Nakuuliza swali moja, nataka jibu moja. Wakati ule, ukiwa na miaka kumi na sita, wazee waliwahi kukuita?

Dada yako

15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Hatujambo. Mvua imeanza, vitasa vinakwama kwa kutu, nina kazi nyingi.

Mambo ya miaka thelathini iliyopita, Dada, ukiyafukua yatamnufaisha nani? Baba amekufa. Mwinjilisti amekufa. Binti yako ana ofisi yenye mlango. Mwenyekiti huniuliza habari zako kila tukikutana, kwa heshima kabisa. Siku hizi anauliza zaidi ya zamani. Sijui anatafuta nini, na sipendi anavyoangalia mikono yangu nikimjibu.

Jana Mama Vumbi alikuja karakana. Hakuketi. Aliniuliza, "Wewe fundi, mwana wa fundi, hebu niambie: kitasa kile kina funguo ngapi?"

Nikamjibu mbili.

Akasema, "Haya," akaondoka.

Fundi

24 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii salamu zake ni fupi: mimi mzima, mpwa wako mzima, Mungu ashukuriwe.

Ndani ya kifurushi utakuta kitabu. Kimefungwa kwa shuka kuukuu la wodini, usilitupe, nimeliazima. Kwenye kona ya shuka kuna fundo. Ndani ya fundo kuna ufunguo wa tatu.

Wewe ulijua upo. Baba hakuwahi kutengeneza kitasa chenye funguo mbili maisha yake yote. Mbili za mwenye mali, alisema, na mmoja wa fundi, kwa sababu watu hupoteza. Aliuning'iniza kwenye uzi ndani ya sanduku la tupa na kuandika kwa rangi ni wa wapi. Tumekua tukiziona. Kwa hiyo uliponiomba tupa ya pembe tatu nilijua hutaki tupa. Ulitaka nikuambie kama kuna uzi usio na ufunguo. Na ulipojua, kutokana na kujiumauma kwangu, ukanyamaza, ukamwachia Mama Vumbi asimame saa nzima. Nikajiuliza: huyu ananilinda mimi, au anajilinda mwenyewe? Kwa wiki kadhaa nilitaka kuamini la kwanza.

Sitakudanganya kwamba nilikuja kwa ajili ya Shangazi tu. Nilikuja na ufunguo mfukoni. Asubuhi ile nilitoka kwako mapema, nikaingia ofisini Mama Vumbi alipoiacha wazi akifagia uwanja, nikakichukua. Nilitaka kuona wameniandikaje. Mtu akikaa benchi lile anapata haki ya kujua, nilijiambia.

Nimeona. Ukurasa wa mia na kumi na mbili. Jina langu, kosa langu, miezi sita. Mwanaume: hakujulikana. Halafu mstari mmoja chini: "Shahidi, mdogo wake wa kiume, mwenye umri wa miaka kumi na sita, aliulizwa, akasema nyumbani kwao hakumwona mwanaume yeyote." Na saini yako. Herufi kubwa kubwa, umeikazia kalamu mpaka karatasi imebonyea upande wa pili. Nimeipapasa kwa kidole.

Ulimwona. Siku ile ulikuwa uani. Nilikuona kupitia dirisha la karakana ukimwona.

Nilikasirika miezi mitatu, nikala hasira, nikalala nayo. Nilikuwa nasoma barua zako kama polisi, natafuta neno la kukunasa. Sasa nikwambie kilichonitoa humo. Jumatatu nilikuwa naingiza mashuka mashineni: la mkurugenzi aliyelazwa chumba cha peke yake na la mzee aliyeokotwa barabarani, pamoja, maji mamoja, sabuni moja. Ndipo nikajiona. Nimekasirika kwa sababu walinihukumu mimi wakamwacha mwingine. Na wakati nakasirika, mwanamke asiyejua kusoma anahukumiwa kwa kitabu kilicho chini ya godoro langu. Mimi ndiye niliyemkalisha pale. Hata Mwenyekiti hakuwahi kunifanyia zaidi ya hapo. Ikiwa Mungu hatazami sura, basi hataitazama na yangu pia, eti kwa kuwa niliumizwa kwanza.

Ningeweza kukituma kwa mchungaji. Nimekituma kwako. Unaweza kukirudisha kabatini kimyakimya na kusema kiliangukia nyuma ya rafu. Unaweza kukichoma, una tanuri. Au unaweza kukiweka mezani tarehe 3 na kusema. Kila moja kati ya hayo nitalijua, na si mimi tu.

Dada yako

12 Mei

Dada yangu,

Shikamoo.

Kifurushi kilifika tarehe 1. Nilimwambia wifi yako ni tupa.

Acha nikuambie kwanza nilichofanya, si kile ambacho ningependa kusema nilifanya. Nilikipeleka karakana, nikafungua ukurasa wangu, nikawasha tanuri. Nilikuwa nimeshashika koleo. Kilichonizuia si wokovu, Dada. Ni saini ile. Ilikuwa ya kwanza maishani mwangu. Wazee walinipa kiti, wakanipa kalamu ya wino, na mwinjilisti akaniita "kijana wetu". Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Njiani alikuwa ameniambia, "Dada yako ameshaanguka. Usimwangushe na mtu mwingine juu yake." Mimi niliona ni busara. Wiki ile Baba akapata kazi ya vitasa vyote vya shule ya kanisa, na hatukuzungumza habari hiyo tena mpaka kufa kwake. Lakini ukweli ulio chini ya hayo yote ni kwamba nilifurahia kiti. Nimekipenda kiti kile miaka thelathini.

Uliuliza ni nini nilichokitoa kwenye bahasha ile. Nilikuwa nimeandika, "Kama ni wewe, kirudishe, nami nitakunyamazia." Nikaona nikiandika hivyo utajua kuwa najua. Nikakitoa. Kwa swali lako la kama nilikuwa nakulinda wewe au najilinda mimi: nilitumia jina lako kujifunika. Ndivyo ilivyokuwa.

Tarehe 3 tulikaa. Mwenyekiti alifungua kwa maombi. Mama Vumbi alikuwa amesimama palepale, safari hii na mfuko wa nguo zake, ameshafungasha. Nikasimama. Nikaweka kitabu mezani na ufunguo wa tatu juu yake. Nikasema: kitasa kile kina funguo tatu, nami nilijua tangu siku ya kwanza. Mwanamke huyu hajachukua kitu. Kitabu kilichukuliwa na dada yangu, na aliyemnyamazia ni mimi. Halafu nikasoma ukurasa wa mia na kumi na mbili kwa sauti. Nilipofika kwenye saini nikasema ni yangu na ni uongo. Nilimwona mwanaume. Ilikuwa alasiri, alitoka mlango wa nyuma wa karakana, viatu mkononi. Na anaongoza kikao hiki.

Mwenyekiti alitazama saa yake. Akasema ana wageni nyumbani, akatoka. Alisahau miwani mezani, ikabaki inatukodolea macho.

Mchungaji alichukua kalamu mwenyewe. Mimi nimeandikwa: ushahidi wa uongo, na kumwachia asiye na hatia alaumiwe. Miezi sita, na dhamana ya milango nimevuliwa. Yule naye ameandikwa, na ameitwa aje ajibu. Mpaka leo hajaja. Na wewe umeandikwa, Dada. Ulichukua kisicho chako ukanyamaza miezi mitatu. Mzee mmoja alitaka usiandikwe, kwa kuwa ulionewa. Mchungaji akaniangalia. Nikasema andika, yeye mwenyewe ameshasema hivyo. Natumaini sikukosea. Mara hii kalamu ilikuwa nzito kuiangalia.

Mama Vumbi amerudishiwa kazi, chumba, na ufunguo wake. Na wangu pia nimemkabidhi yeye. Nilimwomba radhi mbele ya wote. Akaniambia, "Nilikuuliza funguo ngapi ukasema mbili. Nilijua unadanganya. Uliangalia mikono yako, hukuniangalia mimi." Kisha akaniuliza kama nimesamehewa nyumbani, maana wifi yako alikuwa dirishani, amesikia yote. Nikamwambia bado. Akasema naye bado, lakini anakwenda huko.

Jumapili nilikaa benchi la mlangoni. Dada, lile benchi linayumba. Ukiegemea kulia linashuka, ukijisawazisha linapiga sakafu ko! na kanisa zima linageuka. Hukuwahi kuniambia. Au uliniambia, nami nilikuwa nasikiliza tupa. Miezi sita, na tumbo. Nilikaa pale nikalia, fundi mzima, na watu wakanivuka magoti wakitazama dari.

Jumatatu nilikwenda na nyundo na kipande cha mbao. Mama Vumbi akanizuia mlangoni, funguo zote mbili kiunoni. "Utalitengeneza ukimaliza miezi yako," alisema. "Waliokutangulia walilikalia hivyohivyo." Nilikuwa nimemkuta analifuta kwa kitambaa, lote, mwisho hadi mwisho, wakati mimi nakaa upande mmoja tu. Nikamuuliza kwa nini anajisumbua.

Akasema, "Wengine wanakuja."

Mdogo wako

30 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mashine ya tatu imepona. Mpwa wako amesoma barua yako. Nilimpa mwenyewe, ana haki. Akaenda ofisini kwake, akafunga mlango. Jioni akaja kuniuliza kama mjomba bado anakumbuka kile kitasa. Mtengenezee. Funguo tatu, na umwambie ni tatu.

Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta ulipodanganya. Sijapapata. Nitaisoma tena kesho, maana nakujua.

Ulifanya vizuri kuwaacha waniandike. Niliposoma mstari huo niliumia sana, nikakutukana kwa sauti, na baadaye nikalala usingizi ambao sijalala tangu Februari.

Nimeomba ruhusa ya siku nne. Nakuja Jumapili ya pili ya mwezi ujao, nije kumwangalia Mama Vumbi usoni na kumwambia mwenyewe, si kwa barua. Wifi asiniwekee nafasi mbele kwa wageni.

Wewe ukifika kabla yangu, kaa upande wa mguu mfupi. Upande ule mwingine ni wangu, naujua. Tukikaa wawili halipigi kelele.

Na yule naye akija, tusogee.

Dada yako